Filamu ya kulinda rangi ya gari: ipi ununue, na uulize nini kuhusu mikwaruzo

Muuzaji wa filamu za kulinda rangi (PPF) huanza na unene: "Hii ni mikroni 200, bosi." Unene una kazi yake, nayo ni kupokea kishindo cha kokoto. Mchanga, vumbi na kitambaa kichafu hupambana na tabaka la juu, jembamba sana. Ndiyo maana filamu mbili zenye unene uleule huachana mbali baada ya kuoshwa mara nyingi.

Ulizia kipimo cha Taber. Kipande cha filamu huwekwa kwenye sahani inayozunguka, kisha magurudumu mawili ya kusagia hulazwa juu yake yakiwa na mzigo. Kuna viwango viwili vya Kimarekani vya jaribio hili: ASTM D4060 hupima miligramu zilizopotea. ASTM D1044 hupima ukungu uliojitokeza kwenye plastiki angavu. Mimi hutazama ukungu kwanza, kwa sababu filamu inaweza kupoteza uzito kidogo tu na bado ikafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Matokeo yasiyotaja gurudumu (CS-17 ni kali kuliko CS-10F), mzigo (gramu 500 au 1,000) na idadi ya mizunguko ni maneno ya biashara tu.

Kokoto zina kipimo chao, SAE J400, ambapo changarawe hurushwa kwa hewa ya mgandamizo. Ukiletewa hicho kama ushahidi wa kutokwaruzika, umejibiwa swali ambalo hukuuliza.

Mpangilio wangu ni huu:

1. TPU (plastiki ya poliurethani inayonyumbuka) ya alifatiki, mikroni 200 hivi, yenye tabaka la juu linalojiponya. Inafaa boneti na bampa la mbele. Mikwaruzo midogo hufutika ikipata joto la jua au maji ya moto, iliyochanika haijifungi. Sisitiza neno alifatiki, kwani ya aromatiki hugeuka njano juani.

2. TPU hiyohiyo, mikroni 150 hivi. Kwa mikwaruzo haiachwi nyuma iwapo tabaka la juu ni lilelile, na kwenye kona hulala vizuri zaidi. Kwa milango ningechukua hii.

3. TPH. Jina linasikika kama ndugu wa TPU, ila kwa kawaida ni PVC iliyolainishwa. Kwa gari utakaloliuza karibuni, sawa.

4. PVC ya kawaida. Vilainishi vikishatoka hukakamaa, hupasuka, na siku ya kuibandua utahangaika na gundi.

Seramiki sijaiweka: ni mipako myembamba mno, si filamu.

Lile onyesho la wauzaji, la kukwaruza filamu kwa brashi ya waya kisha kuimwagia maji ya moto, linaonyesha kujiponya, basi. Omba kipande, kibandike kwenye paneli kuukuu, ukisugue kwa kitambaa chenye vumbi, ukimwagie maji ya moto, halafu kitazame kwa ubavu juani. Ukungu uliobaki hapo ndio utakaobaki kwenye boneti.