Wikendi ya wawili Kaskazini mwa Ulaya: mnunue tiketi ya mji gani?

Kama mna Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku tu, msianze na bei ya hoteli. Miji hii yote ni ghali, hilo halikwepeki. Ulizeni kwanza: tukishuka kwenye ndege, mjini tutafika saa ngapi? Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, kwa ajili ya wapenzi wanaoishi Ulaya.

1. Copenhagen

Hapa sina shaka. Kituo cha metro kimeungana na uwanja wa ndege, treni zinakwenda usiku na mchana, na kwa dakika 15 hivi mko Kongens Nytorv, katikati ya mji, jirani kabisa na Nyhavn, mtaa maarufu wa kando ya mfereji. Hata ndege ikitua saa sita usiku, teksi ya nini? Mji ni tambarare, kwa hiyo kodini baiskeli. Jioni nendeni Tivoli, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1843. Taa zikishawaka, hamtatamani kuondoka. Ila angalieni tarehe kabla ya kulipia chochote, kwani haifunguliwi mwaka mzima. Kiangazi, Islands Brygge mnaogelea bandarini bure. Mlo mkubwa uwe wa mchana: smørrebrød, mkate mweusi uliopangwa samaki au nyama juu yake, utawapunguzia gharama za usiku. Copenhagen Card inajumuisha usafiri na kiingilio cha Tivoli, lakini inunueni tu kama mtazunguka makumbusho kweli. Wanaopenda kukaa kwenye mgahawa na kuzungumza hawaihitaji.

2. Helsinki

Kwa msimu wa baridi, ningeipandisha iwe ya kwanza. Treni inawafikisha katikati ya mji kwa nusu saa, na mnatumia yuro, hakuna kubadilisha pesa. Sauna nyingi za umma hutenganisha wanawake na wanaume. Löyly, iliyo ufukweni, mnaingia pamoja mkiwa na nguo za kuogelea, kisha mnajitosa baharini. Wekeni nafasi mapema. Kesho yake pandeni kivuko cha Suomenlinna, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Ni robo saa tu, na tiketi ya tramu ndiyo hiyo hiyo ya kivuko.

3. Stockholm

Mji mzuri mno, ila unadai siku tatu. Vasa, meli ya kivita iliyo kwenye makumbusho yake, iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa 1961, peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Tahadhari: tiketi rahisi inaweza kuwatua Skavsta, kama kilomita 100 kutoka mjini. Someni jina la uwanja, si la mji. Bebeni kadi ya benki pia, maduka mengi hayapokei pesa taslimu.

4. Oslo

Mtego ni ule ule wa uwanja ulio mbali na mji, safari hii unaitwa Torp. Mkitua Gardermoen, uwanja mkuu wa Oslo, pandeni treni ya kawaida ya kampuni ya Vy badala ya Flytoget, treni ya haraka ya uwanja wa ndege. Tofauti ni dakika chache, na nauli ni nafuu. Paa la jumba la opera mnalipanda bure.

Reykjavik nimeiacha nje makusudi. Mengi yanayowavuta watu huko yako mbali na mji, na wikendi haitoshi.

Jambo la viza: nchi zote hizi zimo Schengen, eneo la Ulaya linalotumia viza moja. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Uholanzi, pamoja na pasipoti, kinatosha. Ila mkiishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, pateni viza kwanza, tiketi baadaye.