Foleni imejaa, mtaalamu ananiuzia seva

Nimejaribu kupoa kabla ya kuandika, nimeshindwa. Mfumo huu wa kuunganisha data tumeulipia kifurushi cha juu, chenye "msaada wa kitaalamu", na huyo mtaalamu ndiye aliyenivuruga.

Oda zinatoka mfumo wa mauzo, zinapita kwenye foleni ya ujumbe, yaani mahali jumbe zinaposubiri zamu ya kuchukuliwa, zinaingia uhasibu. Basi mwisho wa mwezi foleni ikawa inavimba tu. Prosesa imelala, kumbukumbu tele, na bado jumbe hazivuki 200 kwa sekunde. Nikamwandikia. Jibu: "Ongezeni seva." Nikamtumia vipimo vinavyoonyesha seva iliyopo haina kazi. Jibu: "Someni mwongozo." Nimeusoma, bwana! Mpaka viambatisho!

Tatizo lilikuwa wazi. Kila ujumbe ulifungiwa muamala wake, yaani kazi inayokamilika yote au kufutwa yote: andika diskini, subiri, thibitisha, ndipo uchukue mwingine. Diski ikitumia milisekunde 5 kila mara, hesabu ya shule ya msingi inatosha: 200 kwa sekunde, basi, hata prosesa iwe ya namna gani. Ni kuhamisha lundo la mchanga kwa kijiko, halafu unashauriwa ununue lori.

Akabadili wimbo: "Ongezeni wapokeaji," yaani programu zinazochukua jumbe kwenye foleni. Hakuuliza hata kama mpangilio wa jumbe una maana kwetu. Una maana! Wapokeaji wakigombania foleni moja, agizo la kufuta oda linaweza kutangulia oda yenyewe. Jumbe za oda moja lazima zipite njia moja, kwa mpokeaji mmoja. Hilo mtu wa kazi hii analijua usingizini.

Tukaweka jumbe 100 kwa muamala mmoja, foleni ikaisha hapo hapo. Ndiyo, mfumo ukizimika katikati fungu zima linarudi kwenye foleni, kwa hiyo mpokeaji lazima atambue namba za jumbe alizokwishapokea asije akaandika oda mara mbili. Onyo kama hilo ndilo nililotarajia kutoka kwa mtaalamu.

Nisiseme uongo, programu yenyewe ni nzuri. Tangu hapo haijapoteza ujumbe hata mmoja, nikawa nimeamua kuipa nyota 4.

Kisha imeingia barua pepe: tiketi yangu ya kuomba msaada imefungwa, "imetatuliwa na timu yetu".

Timu yetu! Nyota 1. Mkataba huenda tukauendeleza, maana kuhama ni gharama, ila huyo jamaa asinipigie simu.