Triga mpya kwenye Glock 19: dola 20 zina kazi, 150 ni za mashindano

Mfanyabiashara anayebeba Glock 19 kila siku, awe na duka Majengo au ananunua mahindi Kibaigwa, hahitaji triga (kifyatulio) kamili ya dola 150. Konekta peke yake, kipande kidogo cha chuma ndani ya bastola kinachochangia uzito wa triga, ya dola 15 hadi 25, inaweza kumsaidia. Lakini kabla ya yote aifungue bastola na kuisafisha, kwa sababu triga nyingi zinazolalamikiwa Dodoma kwamba zinakwaruza hazina ubovu wowote. Zimejaa vumbi.

Kiangazi chetu ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, na upepo wake haukosi mchanga mwembamba. Ukichanganya vumbi hilo na mafuta mengi unapata uji wa kijivu unaokaa pale upau wa triga (chuma kinachotoka kwenye triga kwenda nyuma) unapoteleza juu ya konekta, na kidole kinausikia. Safisha kwa brashi na dawa ya kusafishia silaha, kausha, kisha weka tone moja tu la mafuta hapo upau unapogusana na konekta. Njia ya straika (pini inayopiga risasi) ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ibaki kavu kabisa. Wanaoipulizia mafuta ndiyo wale ambao baadaye risasi inagoma, wakadhani ni fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) mbovu.

Ukishasafisha, pima. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza mizigo inatosha, mradi iwe na uwezo wa kubakiza kipimo cha juu. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, risasi zibaki chumba kingine. Funga uzi imara katikati ya triga, vuta taratibu ukiwa umenyooka na mtutu, rudia mara kumi, chukua wastani. Glock ya kawaida ya kizazi cha 3 (toleo la tatu) hucheza kwenye pauni 5.5, yaani kilo 2.5. Ukipata kilo 3 na zaidi, bado kuna uchafu au kuna kifaa kimechakaa. Ukipata 2.5 na risasi bado zinaangukia kushoto chini (kwa anayetumia mkono wa kulia), mara nyingi tatizo ni mshiko, na hakuna kifaa cha kuagiza kitakachoutibu.

Sasa konekta. Ile iliyouzwa miaka mingi kwa jina la "3.5" huwadanganya wengi: ndani ya bastola ya kawaida yenye springi za kiwandani haishuki hadi pauni 3.5, inatua karibu na 4.5, yaani kilo 2 hivi. Hiyo nusu kilo inasikika, hasa kwa mwenye mkono mdogo, na bado inabaki triga ya kubebea. Kuifunga ni kazi ya dakika kumi. Sukuma nje pini ya nyuma ya fremu kwa kitoleo cha kama milimita 2.4, inua kiota cha triga (kipande cha plastiki kinachobeba konekta), chokonoa konekta ya zamani, sukuma mpya hadi ilale sawasawa na ukuta wa plastiki. Usiipige nyundo. Ikipinda hata kidogo, triga inaweza kukataa kurudi au kukataa kuachia.

Kuna wanaong'arisha kwanza kabla ya kununua chochote, na hawajakosea. Brasso na pamba za masikioni, ukisugua mahali upau unapoinua kizuizi cha straika (kinachoizuia isiende mbele mpaka uvute triga) na pale unapopita kwenye konekta. Baada ya hapo osha dawa yote. Msasa hapana, tupa ya chuma hapana, na ule mdomo wa upau unaoshika straika usiguswe kabisa.

Triga kamili, zile bapa za alumini, ni nzuri kweli mkononi. Mwendo ni mfupi, ukuta (pale triga inapokaza kabla ya kufyatuka) unausikia wazi, na baada ya kufyatuka kidole hakizami. Kwa mlenga shabaha wa mashindano pesa yake inarudi. Kiunoni hesabu ni nyingine. Mwendo mrefu wa Glock ni sehemu ya usalama wake, kwani haina kitasa cha usalama cha pembeni, na skrubu za kupunguza mwendo zikikazwa kupita kiasi huanza kusukuma kizuizi cha straika kabla hujagusa kitu. Uzito wa kifaa chenyewe nao una maana. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitoa mpango wa hiari wa kuboresha bastola yake ya P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka, na miongoni mwa vilivyobadilishwa ni triga, ikawekwa nyepesi zaidi.

Springi nyepesi za straika achana nazo. Zinapunguza uzito wa triga kwa kupunguza nguvu ya pigo, na fataki ngumu hazitawaka. Huku huchagui risasi. Unatumia iliyopo dukani.

Chochote utakachobadilisha, pima haya bastola ikiwa tupu. Bonyeza pembeni mwa triga bila kugusa ulimi wa katikati (kile kijiti kidogo cha usalama kwenye uso wa triga): isisogee. Fyatua, shikilia triga nyuma, vuta slaidi na uiachie, kisha legeza kidole polepole: lazima usikie mlio wa kurudi. Vua slaidi, sukuma straika mbele kwa kidole bila kubonyeza kizuizi: ncha isitokeze. Moja likishindikana, rudisha vifaa vya kiwandani siku hiyo hiyo.

Uagizaji ndiyo unaowaangusha watu. Sehemu ya silaha haiagizwi kama kava la simu, na bastola yako ipo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nenda polisi wanaoshughulikia leseni yako ukiwa na jina kamili la kifaa, uulize kwa maandishi kabla hujalipa. Angalia na kizazi: upau na kiota cha triga cha kizazi cha 5 haviingiliani na cha 3, na konekta ya Glock 43 si sawa na ya Glock 19. Vifaa vya zamani vitie kwenye mfuko wenye namba ya bastola, ufungie kabatini pamoja na leseni.