Kilti ya pauni 35 iliyonivua nguo kituo cha basi

Nianze na upepo, maana upepo wa Glasgow, huku Uskoti, haupigi hodi. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi cha Argyle Street, mkono mmoja una mfuko wa unga na makopo ya tui la nazi, mkono wa pili una simu, nikasikia "tak" kiunoni upande wa kulia. Hata haikuwa sauti kubwa. Kumbe mkanda wa juu wa kilti, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa huku, mkanda ule unaoingia kwenye bizimu, umeng'oka pamoja na kipande cha kitambaa chake. Kabla sijaamua nidondoshe unga au simu, ule upande bapa wa mbele ukafunguka kama pazia na upepo ukamalizia kazi.

Ndiyo, nilikuwa nimevaa chupi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia, na wengine hawangoji hata nimalize.

Bibi mmoja mwenye kitoroli cha sokoni akachomoa pini ya nepi kwenye pochi, kana kwamba ameibeba miaka yote akinisubiri mimi. "Simama wima, mwanangu," akaniambia, akanifunga pale pale mbele ya foleni nzima. Basi likaja, akapanda. Mimi nikalitazama likiondoka, maana kwa ile pini kukaa kwenye kiti kulikuwa hakuwezekani. Nyumbani nimefika kwa miguu, mvua ikininyea. Na hiyo akriliki, kitambaa cha plastiki cha kilti yangu, ikilowa, jamani, inakung'ang'ania mapaja kama mtoto anayeachwa shule siku ya kwanza.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa, vazi lisilo na miguu halinitishi. Nimekua nikiwaona wazee wakienda msikitini, dukani na kitandani kwa kikoi kile kile. Nilipofika huku nilidhani kilti ni ya harusi na siku za raga tu, mpaka nikapata mwenzangu kazini anayeivaa Jumanne ya kawaida, na buti na sweta lililochanika kiwiko, anapanga maboksi nayo. Nikasema mimi pia. Tatizo ni bei. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono, yenye yadi nane za kitambaa, yaani mita saba na ushei zilizokunjwa marinda nyuma, inakula mamia ya pauni. Mimi nilikuwa na 35.

Duka sitalitaja. Liko Edinburgh, karibu na ile barabara ya watalii, na dirishani wameandika kwa herufi kubwa kwamba wana kilti za kuvaa kila siku. Kumbukeni hayo maneno, kila siku. Aliyenihudumia alikuwa binti mpole, akaniuliza saizi ya suruali, nikamwambia 34, akanipa 34. Nilichagua mirabaraba ya Black Watch, buluu, kijani na nyeusi, kwa sababu ni ya kikosi cha jeshi na huvaliwa na yeyote asiye na ukoo wa huku. Nilikuwa nimesoma kidogo kwamba koo nyingi za huku zina mirabaraba yao, sikutaka kuvaa ukoo wa mtu.

Wiki za mwanzo, wallahi, nilifurahi. Miguu inapumua. Watu wanakusalimia barabarani. Nilijifunza kukaa kwenye basi kwa kuyafagia marinda nyuma kwa kiganja, kama wanawake wafanyavyo na gauni, na aliyenifundisha ni mke wangu huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mifuko haina, lakini ndiyo kazi ya ule mkoba unaoning'inia mbele ya kilti. Kisha nikaifua, lebo ilisema mashine inaruhusiwa. Ikatoka haina rinda hata moja. Nikaipiga pasi na sehemu moja ikang'aa kama kiatu, maana akriliki haipendi moto. Hilo nilisamehe. Baadaye nikaambiwa kwamba kabla ya kufua unayapiga bandi marinda yote kwa uzi mrefu, halafu unaufumua ikikauka. Mbona lebo haikusema?

Lakini mkanda siusamehe. Siku ile nilipofika nyumbani niliipindua kilti nikaitazama kwa ndani. Kilti ya kweli ina kanvasi ngumu imefichwa kiunoni, nayo ndiyo inayobeba uzito wote, mikanda ikishonwa mpaka ishike humo. Yangu ilikuwa na mstari mmoja wa cherehani juu ya kitambaa kitupu. Mstari mmoja! Begi la shule la binti yangu limeshonwa vizuri zaidi. Kuna wakati, baada ya uasi wa Wajakobo, waliotaka kuurudisha ufalme wa ukoo wa Stuart, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi haya kwa sheria ya 1746, na haikufutwa mpaka 1782. Jioni ile niliwalaani walioifuta.

Nikapanda treni kuirudisha, mwezi uliopita au ule wa kabla yake. Binti mpole hayupo. Yupo mzee mmoja wa makamo, miwani imekaa ncha ya pua. Aliishika kilti yangu kwa vidole viwili, akaigeuza kama mtu anayekagua samaki aliyevunda.

"Kwa bei hii ulitaka kuivaa kila siku?"

Nikamwonyesha dirisha la duka lake mwenyewe. Hakugeuka.

"Kwani wewe ni wa ukoo gani?"

Hapo damu ikanichemka. Nimevaa mirabaraba anayoruhusiwa yeyote, nimeinunua kwako, risiti iko mkononi, unaniuliza ukoo? Nikamjibu, "Mdigo." Akaitikia kwa kichwa polepole. Nadhani alifikiri ni watu wa visiwani kule kaskazini.

Nikamkumbusha sheria ya walaji ya 2015, kwamba kitu kibovu una siku 30 kukirudisha na kupewa pesa zako zote. Akahesabu tarehe ya risiti kwa sauti, taratibu, mbele ya watalii wawili. Siku zilikuwa zimepita, sijui 33, sijui 40. Sawa, nikasema, baada ya siku hizo mna nafasi ya kuikarabati au kuibadilisha, basi karabati. Akasema fundi wao hagusi akriliki. Wanaiuza, lakini hawaigusi! Nikapandisha sauti, nakiri. Mtalii mmoja akaweka chini kofia aliyokuwa anaijaribu, akatoka.

Ndipo yule mzee akafanya jambo ambalo mpaka leo linanikera kuliko matusi. Alichukua utepe, akanizungushia kiunoni, si pale mkanda wa jinzi unapokaa, bali juu, kitovuni. Inchi 38. "Kilti huvaliwa kwenye kitovu," akasema. "Ulikuwa unaivuta kwenye tundu la mwisho, sivyo?"

Ndiyo. Tundu la mwisho, kila siku, na baada ya pilau nilikuwa nashika pumzi.

Kwa hiyo mkosaji nani? Aliyeuliza saizi ya suruali ni mfanyakazi wao, si mimi. Na mshono wa mstari mmoja ungekatika tu, labda kwa mtu mwembamba ungechukua miezi mitatu zaidi. Ila yule mzee alikuwa na nusu ya haki, na mtu mwenye kiburi akiwa na nusu ya haki hakuna dawa yake. Alinipa punguzo la pauni tano kwa kilti nyingine. Nikaondoka nikiwa nimeapa kwamba duka lile silikanyagi tena.

Nyota moja. Hiyo moja ni ya yule bibi wa pini, wala si yao.

Jumamosi moja nikaingia duka la mitumba la hisani mtaani kwetu kutafuta sufuria, nikaikuta imening'inia kati ya makoti. Sufu tupu, kanvasi iko, mikanda ya ngozi imelainika kwa mikono ya mwingine, tundu dogo la nondo karibu na pindo. Pauni 45. Nikaipima kitovuni nikiwa nimesimama, nikapiga magoti sakafuni kuhakikisha urefu. Muuzaji akadhani nasali. Ukitembea, marinda yanayumba na kurudi mahali pake yenyewe. Mvua inateleza juu. Sijawahi kuvaa nguo inayonipa adabu ya kusimama wima namna ile, na natamani ningeanza nayo.

Lakini nayo siivai kazini! Naionea huruma. Kwa hiyo ya akriliki nimeishona mkanda upya kwa uzi wa viatu, nimeongeza kipande cha turubai kwa ndani na kuisogeza bizimu inchi mbili, na sasa ndiyo ya kuoshea gari, ya kupangia maboksi, ya kutolea taka. Haijakatika tena. Basi nyota mbili. Mbili na nusu, kwa kuwa ile nusu ni ya kazi yangu mwenyewe.

Juzi usiku nikaona kwenye simu kwamba duka lile lile limeshusha bei ya kilti za khaki, zenye mifuko pembeni, mikanda miwili ya kulia, pauni 30. Nikawa napima kitovu gizani. Mke wangu akawasha taa.

"Baba Salma, kikoi chako kiko kabatini. Hakina bizimu la kukatika."

Nikamwambia kikoi hakina mifuko. Ameshika simu yangu mpaka sasa, na punguzo linaisha Jumapili.