Tahadhari kwa watafiti wa masomo ya jinsia: majarida ya kitapeli yanayotoza ada na kuteka makala

Natoa tahadhari hii kwa wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, kwa wahadhiri wanaoanza kazi, na kwa watafiti wa mashirika yanayotetea haki za wanawake, kwa sababu hao ndio wanaoandamwa zaidi na barua ninazotaka kuzieleza. Barua hizo hudai kuwa zimetoka katika jarida la kimataifa la masomo ya jinsia. Humwita "Profesa mashuhuri" mwanafunzi ambaye hajamaliza tasnifu yake, husifu makala yake ya awali kwa kunakili kichwa chake neno kwa neno bila kugusa hata hoja moja iliyomo, kisha humwalika alete kazi mpya kwa ajili ya toleo maalumu ambalo, kwa maelezo yao, litafungwa wiki hiyohiyo. Uhakiki, yaani kusomwa kwa makala na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, unaahidiwa kukamilika ndani ya siku tatu au tano. Ada haitajwi kabisa, au hutajwa kwa maneno ya kuzungukazunguka.

Makala ikishatumwa, jibu la kukubaliwa huja upesi, aghalabu bila maoni yoyote ya wahakiki, au likiwa na mistari miwili inayoweza kubandikwa kwenye kazi ya taaluma yoyote ile: lugha irekebishwe, marejeo yaongezwe. Pamoja na jibu hilo huja fomu ya kuhamisha hakimiliki na ankara ya malipo, na hapo ndipo mwandishi anapoona kwa mara ya kwanza kiasi anachodaiwa. Akilalamika, hupunguziwa papo hapo, na punguzo hilo lenyewe ni dalili mbaya, kwa kuwa jarida lenye utaratibu hutangaza ada zake na kanuni za msamaha wa ada kwa wote, wala halipatani bei na mwandishi mmoja mmoja kwa barua pepe. Akikataa kulipa na kuomba arudishiwe kazi yake, huambiwa kwamba makala imeshawekwa mtandaoni na kwamba kuiondoa nako kuna ada yake.

Ada hiyo ya kuondoa makala ndiyo ninayomwomba kila msomaji aitafakari. Jarida halali halipokei makala iliyokwisha kuchapishwa kwingine, na mwandishi anapowasilisha kazi hutakiwa kuthibitisha kwamba haijatoka wala haihakikiwi mahali pengine. Kwa hiyo tapeli hahitaji hata kulipwa ili amdhuru mtu. Akiiweka tu makala kwenye tovuti yake, ameifungia milango mingine yote. Miongoni mwa wanafunzi niliowasimamia yuko aliyefikwa na hali hii. Utafiti wake ulitokana na mahojiano marefu na wanawake walioondoka katika ndoa zenye ukatili, na sura iliyokuwa bora kuliko zote katika tasnifu yake ndiyo iliyoishia kwenye tovuti ambayo haina mhariri anayejulikana. Alipoandika kuomba iondolewe alijibiwa kwa ankara mpya, na alipokataa kuilipa alitishiwa mawakili.

Wapo wanaodhani kwamba malalamiko ya namna hii ni ya watu wachache wasiojua taratibu za uchapishaji. Sivyo, na mahakama imeshayasikiliza. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS Group, yenye makao yake Hyderabad nchini India, ikidai kwamba ilificha ada mpaka makala zikubaliwe, ilidanganya kuhusu uhakiki, ilitumia majina ya wataalamu ambao hawakuridhia kuwa wahariri, na mara nyingi ilikataa kuwaachia waandishi kazi zao. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Nevada iliamuru walipwe waliodhurika zaidi ya dola milioni 50. Majarida mengi yanayotuma barua leo hayana uhusiano na kampuni hiyo, ila yanafuata mwenendo uleule hatua kwa hatua, na mtu aliyesoma madai ya kesi ile atautambua mwenendo huo barua ya kwanza ikimfikia.

Katika taaluma yetu hasara haiishii mfukoni. Utafiti wa jinsia mara nyingi husimama juu ya maneno ya watu waliokubali kusimulia mambo ambayo hawajawahi kuwaambia hata ndugu zao: mwanamke aliyebakwa, msichana aliyekeketwa, mwanamume anayepigwa na mwenzi wake. Ridhaa waliyoitoa ilikuwa na masharti, kwamba majina yafichwe, kwamba kumbukumbu za sauti zihifadhiwe, kwamba matokeo yatumike kwa jambo fulani lililoelezwa. Mhakiki makini ni mmoja wa walinzi wa mwisho wa masharti hayo. Yeye ndiye anayeona kwamba mhojiwa ameelezwa kuwa ni mkunga wa makamo katika zahanati pekee ya eneo dogo, na kumwandikia mhariri kwamba hata jina likibadilishwa kila mkazi wa pale atamtambua. Yeye ndiye anayeuliza kama kamati ya maadili ilitoa kibali, kama mtafiti ameeleza nafasi yake mwenyewe mbele ya watu aliowahoji, na kama wanawake wa matabaka na umri tofauti wametazamwa kwa tofauti zao au wamechukuliwa wote kuwa kitu kimoja.

Katika jarida la kitapeli hakuna aliyesoma. Maneno ya mkunga yule huingia mtandaoni kama yalivyo, yakiwa wazi kwa mtafutaji yeyote, na siku mtafiti anapogundua hatari iliyopo na kuomba aya moja tu irekebishwe, hapati wa kumjibu. Jarida halali lina utaratibu wa kusahihisha makala na wa kuibatilisha inapobidi, na lina mtu anayewajibika kuutekeleza. Hili ndilo linalonisukuma kuandika zaidi ya jambo jingine lolote, kwa sababu mtafiti aliyetapeliwa anaweza kuandika makala nyingine, lakini mhojiwa aliyetambuliwa na aliyemkimbia hana namna ya kurudisha siri yake.

Kwamba uhakiki unaweza kuwa jina tu, ushahidi upo wa siku nyingi. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma matoleo ya makala moja ya uongo kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni. 157 yaliikubali, ingawa makosa yake yalikusudiwa yaonekane kwa mhakiki yeyote mwenye ujuzi wa kawaida. Makala ile ilihusu dawa za saratani, si jinsia, lakini msomaji asijifariji kwa hilo. Masomo ya jinsia yana watu wanaoyavizia. Mwaka 2018 waandishi watatu walitangaza kwamba walitunga makala 20 za udanganyifu na kuzituma kwenye majarida ya jinsia na ya fani jirani, na kwamba saba zilikubaliwa, nne kati yake zikiwa zimeshachapishwa. Kwa maoni yangu jaribio lile liliwatumia vibaya wahakiki waliokuwa wakijitolea muda wao kwa nia njema, na halikuthibitisha yote ambayo watungaji wake walidai. Hata hivyo, limewaachia wapinzani wa taaluma hii hoja ya kudumu, na kila makala ya kweli inayotokea katika jarida lisilohakiki huwaongezea mfano mwingine wa kunyooshea kidole, hata kama mtafiti wake alifanya kazi yake kwa uaminifu wote.

Basi kabla ya kutuma chochote, anza na bodi ya wahariri. Usitosheke na kuyaona majina makubwa kwenye tovuti. Tafuta kurasa za wahariri hao katika vyuo vyao, uone kama wao wenyewe wanalitaja jarida hilo, kisha waandikie wawili au watatu kupitia anwani zao za chuo na kuwauliza kama wanalifahamu. Wataalamu wa jinsia hujibu barua za namna hii kuliko watu wanavyodhani, na zaidi ya mmoja amegundua kwa njia hiyo kwamba jina lake linatumiwa bila idhini. Mwaka 2017 watafiti wa Poland walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio walilofanya kwa kumbuni msomi asiyekuwepo, mwenye sifa hafifu kabisa, na kumwombea nafasi ya uhariri katika majarida 360. Majarida 48 yalimkubali, na baadhi yake yalimpa cheo cha mhariri mkuu. Jina la ukoo walilompa lilikuwa Szust, lililokusudiwa kukumbusha neno la Kipolandi lenye maana ya tapeli, na hakuna kati ya hayo 48 lililoshtuka.

Usiichukue namba ya ISSN kuwa kibali cha ubora, kwa maana kazi yake ni kulitambulisha chapisho tu, na hata chapisho baya hupewa. Vivyo hivyo kitambulisho cha DOI, ambacho hutambulisha makala moja moja mtandaoni. Nembo za hifadhidata zilizobandikwa chini ya ukurasa si ushahidi wa lolote, kwa kuwa yeyote anaweza kunakili picha. Fungua tovuti ya hifadhidata yenyewe na ulitafute jarida humo. Orodha ya majarida ya ufikiaji huria inayoitwa DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, husomwa bure, na orodha ya majarida yaliyomo katika Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, nayo inaweza kutazamwa bila malipo. Jarida likidai kuwa ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, jina lake litafutwe kwa COPE. Ikitajwa namba ya kigezo cha athari (impact factor), inayopima jinsi makala za jarida zinavyonukuliwa, ujue kwamba kigezo kinachotambulika kwa jina hilo hutolewa na kampuni ya Clarivate, na kwamba vipo vipimo vingine vyenye majina yanayofanana nacho ambavyo huuzwa kwa yeyote anayevitaka.

Uko pia ulaghai ulio mgumu zaidi kuutambua, wa kuliiga jarida halisi. Tapeli hutengeneza tovuti inayobeba jina, namba ya ISSN na hata wahariri wa jarida la kweli, hasa lile ambalo tovuti yake ni dhaifu au hutoka kwa karatasi tu, kisha hupokea makala na fedha kwa jina hilo. Uchunguzi wote nilioueleza hapo juu unaweza kupita salama, kwa kuwa jarida lenyewe ni la kweli. Ya uongo ni tovuti. Kwa hiyo usiingie kwenye jarida kupitia kiungo kilichomo ndani ya barua. Anza kwenye hifadhidata au katalogi ya maktaba, ufuate kiungo kilichopo huko, ulinganishe anwani mbili hizo herufi kwa herufi. Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizobatilishwa, wana orodha ya majarida yaliyoigwa ambayo imekuwa wazi tangu 2022, na inafaa itazamwe kila mara.

Majarida imara ya fani hii yana historia inayofuatilika, na kuyafahamu humsaidia mtu kuona pale jina linapopindwa kidogo ili lifanane nayo. Signs lilianza mwaka 1975 na hutolewa na University of Chicago Press. Gender & Society lilianza mwaka 1987. Feminist Africa lilizaliwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, siku hizi makao yake yako Chuo Kikuu cha Ghana, na makala zake husomwa bila malipo. Uhakiki katika majarida ya kiwango hiki huchukua miezi. Anayeahidi siku tatu hajapanga kumpa mtu yeyote makala yako aisome.

Sisemi kwamba kila ada ni wizi. Majarida mengi halali ya ufikiaji huria hutoza waandishi, mengine kiasi kikubwa mno, jambo ambalo kwa maoni yangu linawatenga watafiti wengi wasio na ruzuku na ndilo linalowasukuma baadhi yao kwenye mikono ya matapeli. Ila ada halali hutangazwa kabla mwandishi hajatuma kazi, hailainishi uamuzi wa mhariri, hulipwa kwa taasisi wala si kwa akaunti ya mtu binafsi, na mara nyingi huwa na msamaha au punguzo kwa waandishi kutoka nchi zenye kipato cha chini, linaloombwa kwa utaratibu ulioandikwa.

Aliyekwisha kutuma makala na sasa ana shaka asilipe, na asisaini fomu ya hakimiliki. Aandike barua fupi ya kuiondoa makala, yenye tarehe, kichwa cha makala na kauli wazi kwamba hatoi ruhusa ya kuchapishwa, na aitume kwa kila anwani ya jarida anayoijua. Ahifadhi mawasiliano yote, pamoja na nakala ya ukurasa wa tovuti ulivyoonekana siku hiyo. Waandishi wenza wote waelezwe mara moja, na msimamizi na mkutubi wa chuo vilevile, maana wakutubi wengi wameshakutana na majarida haya na wanajua yapi yanajibu na yapi yananyamaza. Aliyekwisha kulipa kwa kadi aiulize benki yake kama malipo hayo yanaweza kupingwa, na afanye hivyo mapema, kwa sababu muda wa kupinga una kikomo. Ada ya kuondoa makala isilipwe kabisa. Walioilipa hawana hakika ya kuachiwa kazi yao, na aliyelipa mara moja huandikiwa tena. Baadaye, makala hiyo ikipelekwa kwenye jarida halali, mhariri aelezwe yote yaliyotokea tangu mwanzo na apewe nakala ya barua ya kuiondoa, kisha aamue mwenyewe. Na kama ndani ya makala iliyokwama mna maelezo yanayoweza kumtambulisha mhojiwa, kamati ya maadili iliyotoa kibali iarifiwe siku hiyohiyo, kabla ya kushughulikia fedha, ili mhojiwa apewe taarifa na watu wanaojua namna ya kumfikia kwa usalama.