Uzoefu wangu: soko jipya hapa Mtwara, paa safi, bomba lina kufuli

Naanza na nyota ili wenye haraka wapate chao: mbili. Niliandika moja, nikafuta, nikaweka tatu kwa ajili ya paa, halafu nikamkumbuka yule kijana wa ufunguo nikashusha tena. Hasira bado ninayo, mtanivumilia.

Jina la soko sitaji. Wa Mtwara mtalijua tu, na wa Lindi msicheke, ya kwenu pia nayajua.

Mimi nina mgahawa mdogo, wali na ugali mchana, samaki kila siku, kisamvu cha nazi siku nikijisikia. Sokoni siendi kutembea. Soko la zamani nimelikanyaga miaka: turubai zilizochanika, mabati ya kuokoteza, mchicha umepangwa juu ya magunia chini, masika ikifika unaruka kutoka tofali hadi tofali na karai kichwani. Hakuna atakayelililia. Hili jipya lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kulisifia. Sakafu ya zege, vizimba vina namba, paa liko juu kabisa hewa inapita, unaweza kuchagua nyanya bila jua kukupasua kichwa. Nikasema jamani, na sisi tumefika.

Sasa sikieni.

Siku hiyo, wiki kadhaa zimepita, nilichukua kolekole mmoja wa maana na fungu la vibua. Upande wa samaki wameweka meza za marumaru nyeupe, na wamezilaza kidogo upande mmoja ili maji yatiririke mpaka kwenye mfereji wa sakafuni. Aliyezichora alijua samaki ni nini. Tatizo ni kwamba hayo maji ya kutiririka hayapo. Vijana wa kupaa samaki, watano au sita hivi, wanatumia ndoo moja. Maji yenyewe yalishakuwa rangi ya damu, magamba yanaelea juu, matumbo chini. Kijana anachovya kisu, anachovya samaki wa mtu, anachovya mkono, anafuta jasho, anachovya tena. Kisha anakukabidhi: "Tayari mama."

Nikasema wangu humo haingii.

Na bomba lipo! Hilo ndilo lililonimaliza. Lipo kwenye nguzo, hatua chache tu kutoka kwenye hizo meza, koki ya shaba bado inang'aa. Imezungushiwa mnyororo mwembamba, mnyororo una kufuli dogo la njano, lile la kufungia begi la shule. Kwenye marumaru chini ya bomba pakavu, pana vumbi na ganda la korosho.

Ufunguo anao nani? Huyu ananituma kwa yule, yule kwa mwingine. "Msimamizi." Yuko wapi? "Ametoka kidogo." Nimezunguka soko zima na vibua wangu kwenye karai, joto la saa tano, mpaka nikamkuta karibu na geti, kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kreti ya soda, simu mkononi. Ufunguo ananing'iniza shingoni kwa utepe wa kitambulisho. Umri wake ni wa mwanangu wa mwisho. Shikamoo hakuna. Nikameza, nikaanza mimi.

"Habari za kazi, mwanangu."

"Poa."

Poa! Mtu mzima anasimama mbele yako na karai la samaki, wewe unasema poa na macho hujayatoa kwenye simu. Nikamweleza taratibu, tunaomba utufungulie maji kule kwa samaki. Akasema maji ya bomba ni ya usafi wa jioni. Nikamuuliza, baba, kazi ya samaki ni ya asubuhi, jioni mnaosha nini? Ndipo akanitazama, mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote:

"Mama, kama shida yako ni maji si uende feri? Bahari yote ile."

Watu wakacheka. Bodaboda wakacheka, wa vitunguu akacheka, na kijana mmoja wa kupaa samaki aliyekuwa amenifuata kwa nyuma naye akacheka, yeye mwenyewe mikono inanuka ile ndoo. Huyo ndiye aliyeniuma kuliko yule wa kiti. Unacheka nini? Kufuli ni lako!

Nimechukua samaki wangu na magamba yao, nikaenda kuwatengeneza uani kwangu. Chakula kilichelewa, wateja wangu wa bandarini walikuja wakachungulia sufuria wakaondoka. Vibua niliwatupa. Mtasema nimezidisha, lakini anayepika kwa biashara ananielewa. Vibua na jodari, hawa wenye nyama nyekundu, wakikaa kwenye joto wanatengeneza kitu ambacho wataalamu wanakiita histamini, na kikishakuwamo hakitoki hata ukaange mpaka wawe mkaa. Mteja anakula vizuri tu, baada ya muda midomo inamwasha, uso unamwiva, moyo unamwenda mbio, na jina linaloharibika ni la kwako, si la mwenye ufunguo. Dawa yake ni barafu na haraka. Mimi barafu sikuwa nayo, na haraka waliinyonga wao.

Baadaye nikaambiwa na wenye vizimba sababu ya kufuli. Bili ya maji ilikuja kubwa, wakashindwa kukubaliana nani alipe, ofisi ikaona dawa ni mnyororo. Ushuru lakini kila asubuhi anakuja mtu na mashine yake, risiti inatoka krr, hakosi hata siku ya mvua. Na chooni maji yapo saa zote. Mnajua kwa nini? Choo ni shilingi 200 mlangoni. Kwa hiyo maji ya kutawaza yapo kwa sababu yanalipiwa papo hapo, maji ya kuoshea chakula cha watu yamefungwa. Mwenye akili timamu alikaa kikao akapitisha hilo.

Hapa ndipo nilipoandika nyota moja.

Halafu mvua za kwanza zikaja. Nilikuwa mle ndani, nimefuata mbaazi na choroko, na niseme ukweli wa Mungu: halivuji hata tone. Watu wanaendelea kupima mchele kama kawaida, watoto wanacheza chini ya meza, magunia makavu. Ungekuwa ule uwanja wa zamani tungekuwa tunakimbizana na mabeseni. Upande wa nafaka na mbogamboga sina neno. Wenye vizimba vyao wana heshima, mizani iko wazi, mchele wenye mawe anakwambia mwenyewe kwamba huu una mawe. Nikaiweka tatu pale pale, kwenye simu, mvua inanguruma juu ya bati.

Kisha nikatazama nje.

Paa lote lile lina mifereji ya bati pembeni, na kila kona bomba la kushushia maji. Yanashuka kwa nguvu na kumwagwa barabarani. Hakuna tangi, hakuna pipa, hata ndoo. Yanachimba shimo pale kijiwe cha bodaboda, yanazunguka, yanawafuata akina bibi wanaouza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku, na kisamvu nje ya mlango wa nyuma, maana wao vizimba hawakupata. Bibi ananyanyua sinia lake, miguu ndani ya maji, na hatua chache ndani kuna bomba limefungwa kwa kukosa mtu wa kulipia maji.

Mimi hesabu sikusoma sana ila hii ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Huku kwetu mvua ya mwaka ni kama milimita 1,000. Paa la mita 1,000 tu za mraba, na lile sidhani kama ni dogo hivyo, linapokea lita milioni 1 kwa mwaka. Punguza ya kuvuja, ya kuvukizwa na jua, ya kuoshea vumbi la kwanza, bado unaweza kuosha kolekole wa mkoa mzima. Kiangazi yataisha, najua, mvua zetu ni za Novemba au Desemba hadi Aprili, na zaidi ya hapo labda ya Mungu. Lakini hiyo miezi je?

Na msiniambie ni teknolojia ya Ulaya. Soko la Kariakoo, lile la ghorofa, alilichora Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa mwanzoni mwa miaka ya 70, Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Waliowahi kufika wanalikumbuka paa lake: miavuli mikubwa ya zege, vinywa vyake vinatazama juu. Si urembo ule. Mvua inaingia mle, inakusanywa. Mtu alikaa na kalamu miaka zaidi ya 50 iliyopita akawaza jua, akawaza hewa, akawaza na mvua inakwenda wapi. Ndugu zetu wangapi wa Kusini wamekula kwa lile soko na mitaa yake, na lilipoungua usiku ule wa Julai 10, 2021 simu zililia mpaka huku. Tulipopata la kwetu tukadhani tutapewa lililofikiriwa angalau kama lile la wazee.

Mji wetu nao una historia yake na vitu vikubwa. Mwingereza alikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, kufikia 1951 umeshakufa, akatuachia bandari yenye kina na reli ya kwenda Nachingwea. Reli ikang'olewa miaka ya 60. Bandari imebaki, na msimu wa korosho ndiyo inayotuweka mjini, hilo nashukuru. Ikaja gesi, maandamano na ghasia za 2013 hamjasahau, bomba likaenda zake Dar. Sisi vikubwa tumeletewa sana. Mtu wa kushika ufunguo mdogo na kusema shikamoo ndiye hatujaletewa.

Narudi kwenye haki, maana mume wangu amesoma hapa akasema nimekuwa mkali mno. Soko hili lina mambo ambayo hatukuwa nayo. Wa rika langu wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa la 2003, gari linasubiri pantoni Rufiji, masika njia inakufa kabisa, kitunguu kinakuwa kitu cha kugawana. Hata Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga na malori yakakwama, nilipika siku kadhaa bila nyanya. Sasa mizigo inaingia, ya Dar na ya upande wa Songea kwa lami ya Tunduru, na ina pa kushushiwa, haishushwi kwenye tope. Hiyo ni kazi imefanyika, aliyeifanya Mungu amlipe. Pengine na yule kijana ameamriwa tu. Pengine halipwi vizuri, nani anajua, hawa wa geti nasikia posho yao ni ya kubahatisha. Nilishaanza kumwonea huruma.

Basi juzi napita zangu na kikapu, wala sina habari naye, nikasikia kutoka kwenye kile kiti: "Mama wa maji huyooo!" Na wenzake wanacheka.

Mbili. Na hazipandi.

Kama unakwenda: fika kabla ya saa mbili, samaki wa usiku bado wana macho maangavu na barafu haijayeyuka. Mwambie kijana asimchovye, mpeleke nyumbani na magamba yake, au beba maji kwenye dumu, mimi sasa nabeba la lita tano na hakuna anayenizuia. Nazi nunua upande wa kushoto ukiingia, wanakutingishia usikie. Dagaa wa wale wa katikati wana mchanga. Na ming'oko usinunue ndani, ni ya juzi na wameimwagia maji ionekane mbichi, sijui wameyatoa wapi. Toka mlango wa nyuma kwa wale akina bibi, ya kwao imechimbwa jana na wanakuongeza bila kuombwa.