Miezi 29 na nyaya za meno mdomoni

Nilifungwa nyaya za meno nikiwa na umri wa miaka 31, baada ya kuishi miaka yote hiyo na meno ya mbele ya chini yaliyopandana na chonge moja ya juu iliyochomoza nje ya mstari, kiasi kwamba katika picha za harusi ya mdogo wangu ni mimi peke yangu niliyefumba mdomo. Nilianzia kliniki moja ya binafsi, ambako niliahidiwa kuwa kazi ingekwisha ndani ya mwaka mmoja, ingawa hakuna aliyenipiga picha ya eksirei wala kuchukua nakala ya meno yangu kwa plasta. Nililipa malipo ya awali, nikaingiwa na shaka, nikamtafuta daktari bingwa wa kupanga meno. Huyu alipiga picha, akapima, akasema taya halina nafasi ya kutosha, hivyo magego madogo manne yatang'olewa na nijiandae kwa miaka miwili au zaidi.

Sababu ya muda huo alinieleza vizuri. Waya unapolibana jino kwa nguvu ndogo, mfupa wa upande linakoelekea huliwa taratibu na upande linakotoka hujengwa mpya, na mwili hauharakishwi katika kazi hiyo. Mambo yakienda vizuri jino husogea takriban milimita moja kwa mwezi. Pengo la gego dogo lina upana wa kama milimita saba, na bado kuna miezi ya kunyoosha yaliyopandana na ya kurekebisha namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Kukaza zaidi hakusaidii, kwani nguvu kubwa mno inaweza hata kuifupisha mizizi.

Nimekulia Maji ya Chai, wilayani Arumeru, na kama wenzangu wengi wa huko nina meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo kwenye maji. Sikujua kwamba jambo hilo lingeingia kwenye matibabu. Daktari alinionya kwamba gundi inaweza isishike vizuri kwenye meno ya namna hiyo, na kweli, vile vibandiko vidogo vya chuma vinavyobeba waya vilibanduka mara sita. Mara nne sikula chochote cha kulaumiwa. Mara mbili ulikuwa muwa, na hapo sina utetezi. Kila kibandiko kilipobanduka jino lile lilibaki bila kuvutwa hadi siku ya miadi, jambo lililoongeza wiki kadhaa. Niongeze pia, kwa wanaotoka upande wetu, kwamba nyaya hunyoosha meno tu. Rangi hubaki ileile.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la raba. Katika mwaka wa pili nilipewa raba ndogo za kuvuta taya la juu na la chini, nizivae saa 22 kwa siku, nizivue wakati wa kula na kupiga mswaki pekee. Nilizivaa usiku, lakini ofisini nilizivua kwa kuwa zilinifanya niseme kama mtoto. Baada ya wiki sita daktari aliweka rula yake ndogo mdomoni, akasoma, akalinganisha na kadi yangu, akaniambia, "Dada, raba zikikaa kwenye pochi hazivuti kitu." Vipimo vilikuwa vilevile vya mara iliyopita.

Usafi nilijitahidi, kwa mswaki mwembamba wa kupita chini ya waya kila baada ya mlo, na sikupata yale madoa meupe ya chokaa yanayowapata wanaoacha mabaki ya chakula kuzunguka vibandiko. Fizi zilivimba mara moja tu, mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa nalala mara baada ya daku.

Kwa upande wa matokeo nimeridhika. Chonge imerudi kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza ninakata nyama kwa meno ya mbele badala ya kuichana kwa gego la pembeni. Mlio wa taya ninapopiga miayo bado upo, lakini daktari alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba hafungi nyaya kwa ajili ya hilo.

Nyaya zilipotolewa nilipewa riteina, kifaa cha plastiki cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka wakati mfupa na nyuzi za fizi vinatulia. Mwezi wa tatu nilikwenda msibani Tanga nikaisahau nyumbani, nikakaa wiki tano. Niliporudi ilinibana hadi machozi, na jino moja la chini lilikuwa limeshajipinda kidogo. Sasa nina waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya chini, na riteina ya juu ninaivaa kila usiku. Jino lile nililihisi kwa ulimi hata leo asubuhi. Kulinyoosha kungetaka nifungwe tena kwa miezi kadhaa, nami nimekataa.